Picha Haina Mdomo

Jumatano, 6 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, isipokuwa mimi, na ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia simu. Unajua tunavyoishi hapa: vyumba viwili vya uani, ukuta mmoja na kliniki ya shemeji, kaka wa mke wangu. Nikinywa chai asubuhi nasikia mashine yake ya kuchonga meno, na mgonjwa akiguna namsikia. Kama mimi nawasikia wao, wao wananisikia mimi. Majibu yako usiyalete nyumbani. Tumia sanduku la posta la bendi. Anayechukua barua ni yule mpiga ngoma kubwa, na licha ya kelele za kazi yake, ni mtu wa kunyamaza.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye gwaride. Kiongozi wa bendi akaamuru tugeuke kulia, mwenye tromboni aliye mbele yangu akageuka kushoto, na tarumbeta ikanirudia mdomoni. Jino moja la mbele, la juu, likaanza kucheza. Jumapili shemeji akaniita kitini. Wewe ulishakaa kwetu, unaifahamu Jumapili ya watu wa nyumbani: wageni hawapokelewi, na sisi tunatazamwa bila malipo, bila kadi, bila faili. Shemeji husema ni aibu kumfungulia ndugu faili kana kwamba ni mpita njia. Siku hiyo tulikuwa wawili, mimi na baba mkwe. Mke wangu ndiye aliyeziosha picha za eksirei kwenye beseni la dawa, akazining'iniza kwenye kamba ya chumba cha giza zikauke, kama afanyavyo siku zote.

Baba mkwe alikuwa analalamika ufizi. Akaambiwa meno yake ni ya kijana, asukutue tu kwa maji ya chumvi. Tangu hapo nyumba haina amani. Kila mgeni akiingia, hata msoma mita, anafunguliwa mdomo aone.

Kisha zamu yangu. Shemeji akaiweka picha kwenye taa, akasema, "Shemeji, mfupa umelika. Hapa, na hapa, mpaka huku. Haya manne ya mbele yote hayana pa kushika. Tuyatoe, nikutengenezee ya bandia. Yatakuwa mazuri kuliko hayo uliyozaliwa nayo."

Nikamwambia hakuna mtu anayezaliwa na meno. Akacheka, mimi pia nikacheka, halafu nikauliza habari ya tarumbeta.

Akanishika bega. "Kupuliza basi. Lakini usihangaike. Pale mapokezi nahitaji mtu ninayemwamini."

Dada, kabla yangu bendi ilikuwa na mpiga tarumbeta mwingine. Alipopoteza meno ya mbele wakampeleka stoo. Sasa anapiga pasi sare zetu na kushona vifungo. Tukirudi anauliza, "Leo mmepiga nini?" na kila nikimjibu naona kama namla nyama. Na yeye angalau yuko karibu na bendi. Mimi nitakuwa nyuma ya meza, nikiwaambia watu waketi wangoje.

Siku imepangwa: Jumapili, tarehe 28 Aprili. Nilisema, "Asante, shemeji." Mke wangu akasema asante, baba mkwe akasema asante. Sikupata hata nafasi ya kusema ngoja.

Mdogo wako,
Mapafu


Jumatano, 13 Machi

Mdogo wangu Mapafu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kwenye shajara yangu, chini ya tarehe ya leo, nimeandika neno moja tu: ANGOJE.

Jino likishang'olewa hakuna wa kulirudisha. Jino linalocheza linaweza kucheza wiki mbili zaidi na dunia isianguke. Muulize shemeji yako kwa heshima: hakuna njia nyingine? Nikikaa miezi miwili bila kufanya lolote, kitatokea nini? Daktari mwenye uhakika hachukii kuulizwa.

Kisha nenda kwa daktari mwingine, lakini uende kwa akili. Kiwandani kwetu kila gora la nguo linapita kwa wakaguzi wawili. Mimi ni wa pili. Siambiwi wa kwanza ameona nini, na kibandiko chake kinafunikwa kabla gora halijafika mezani kwangu. Zamani tulikuwa tunaambizana, tukawa tunaona mashimo pasipo na shimo, kwa sababu mwenzetu amesema lipo. Basi na wewe usiseme umetoka kwa nani, wala usiseme umeambiwa nini. Sema, "Nitazame mdomo, uniambie unachokiona." Na umwambie mapema kwamba kazi hataifanya yeye, ili asione mfuko wako kabla ya meno yako.

Sasa neno ambalo hutalipenda. Shemeji yako hajawahi kuipenda hiyo tarumbeta. Yeye ndiye aliyekukataza kupuliza uani, eti wagonjwa wanashtuka, ukawa unajifungia kwenye stoo ya bendi katikati ya sare. Leo meno ya kung'olewa ni yaleyale unayopulizia, na kiti cha mapokezi kiko wazi. Sisemi zaidi. Wewe ni mtu mzima.

Dada yako


Ijumaa, 22 Machi

Dada,

Nimefanya ulivyosema, nikaharibu.

Kwanza nilimwomba shemeji ile picha, nikamwambia kiongozi wa bendi anataka ushahidi. Akanipa bila swali, ndani ya bahasha yake. Alhamisi iliyopita nikatoka mapema, nikaenda upande wa pili wa mji kwa daktari kijana ambaye wenzangu wanamsifu. Sikutaja mtu. Nilisema maneno yako vilevile, neno kwa neno, kama mtoto aliyetumwa dukani. Lakini bahasha ilikuwa mkononi, na yeye akaiona.

Akasimama. Kweli, akasimama. "Huu ni mwandiko wa mwalimu wangu! Wewe ni nani kwake?"

Nikasema ni shemeji yake tu.

Akaitoa picha, akaiinua dirishani, akatikisa kichwa. "Yeye amesema yatoke? Basi yatoke. Mimi ni nani?" Akanitia nauli mkononi kwa sababu mimi ni mtu wa mwalimu. Mdomo wangu hakuufungua, dada. Niliutumia kushukuru tu.

Nilipofika nyumbani shemeji alikwishapigiwa simu. Nilijiandaa kwa ugomvi, na laiti angegomba. Alikuwa ameketi na mke wangu na baba mkwe, chai imemiminwa hadi kikombe changu. Akacheka. "Shemeji, ungesema tu, ningekupeleka mwenyewe kwa gari! Hofu ni kitu cha kawaida. Tena nimeona tusikutese na kungoja. Tufanye tarehe 21 Aprili badala ya 28."

Mke wangu aliangalia sakafu. Baba mkwe ndiye aliyesema yaliyokuwa mioyoni mwa wote. "Mtu ana daktari ndani ya nyumba, anakwenda kubisha hodi kwa watu! Mbona mimi nilitazamwa mara moja, nikaamini?" Akasema hayo huku anakata tunda kwa kisu vipande vidogo kama vya mtoto. Siku hizi haumi kitu. Anasema ndio ustaarabu.

Nilimuuliza shemeji lile swali lako la njia nyingine. Akanieleza kwa upole, na kila alichosema kilikuwa na maana. Hapo ndipo ninapokosa pa kutokea. Hanilazimishi. Ananifungulia mlango, ananisubiri nipite, na nyuma yangu wamesimama watu wote wanaonipenda.

Picha nimeitoa kwenye bahasha yake, nimeiweka humu. Anadhani sasa iko kwa kiongozi wa bendi. Kama unamjua mtu huko, mwonyeshe.

Jino halichezi sana kama mwanzo. Au ndivyo ninavyojiambia.

Mapafu


Jumapili, 24 Machi

Wifi yangu,

Hujambo? Nakuandikia bila mume wangu kujua. Nadhani na yeye anakuandikia bila mimi kujua, kwa hiyo tumelingana.

Sikasiriki. Ninaomba tu. Kama ni wewe unayempa moyo wa kukataa, tafadhali legeza. Kaka amenieleza: mfupa ukiachwa hivyo unaendelea kulika, na usaha unaweza kushuka hadi kwenye taya. Wifi, tarumbeta nitaililia pamoja naye, lakini taya siwezi kumnunulia lingine. Usidhani mimi ni mgeni wa hiyo tarumbeta. Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa amevimba mashavu kama mtu aliyeficha maandazi, nikawaambia wenzangu, huyu hana haya hata kidogo, na nikarudi kumwangalia kesho yake.

Lakini tunakaa kwenye ua wa kaka. Kazi yangu ni ya kaka. Nikimtetea kaka, mume wangu anakula kimya, anaosha sahani yake mwenyewe. Nikimtetea mume wangu, kaka anakuwa mpole kupita kiasi, na huo upole wake nauogopa kuliko kelele. Nimekaa katikati kama kitambaa kinachovutwa huku na huku.

Na baba naye siku hizi amekuwa wa ajabu. Hakai karibu na watu. Mdomo wake unanuka, wifi, na hakuna mwenye uso wa kumwambia, maana ukimgusia tu anakufungulia meno uyaone yalivyo ya kijana.

Msaidie mdogo wako akubali mapema, tupumzike wote.

Wifi yako


Jumanne, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Picha imefika salama. Huku kuna mama mmoja aliyefundisha madaktari wa meno miaka mingi. Sasa haong'oi, hazibi. Anakuja hospitali asubuhi, anatazama tu wale ambao wengine wameshindwa kukubaliana juu yao. Nilipanga foleni, nikafika, nikaanza, "Mdogo wangu ameambiwa—"

Akaniinulia kiganja. "Sitaki kujua ameambiwa nini."

Nikampa picha. Hakuipeleka kwenye mwanga. Aliigeuza uso chini, akanirudishia. "Picha haina mdomo. Nikisoma hii peke yake nitakuwa nakisia kwa sauti ya kitaalamu. Mlete mwenye mdomo."

Mapafu, nilitaka kumkumbatia. Njoo. Sema dada yako mgonjwa. Nitaumwa mgongo, maana mgongo hauna eksirei ya Jumapili.

Niliyosema kuhusu shemeji yako siyafuti, ila nimeyaweka pembeni. Kuna mtu amenifanya nifikiri kwamba katika nyumba hiyo si wewe peke yako uliyebanwa. Usiniulize ni nani.

Dada yako


Ijumaa, 5 Aprili

Dada,

Kiongozi wa bendi amenipa ruhusa. Nitafika kwako Jumanne jioni. Nimewaambia mgongo wako umekaza na huwezi kuinama. Mke wangu amenipa chupa ya dawa ya kuchua nikuletee, na shemeji amenilipia tiketi ya basi. Amekataa kabisa nimrudishie. Baba mkwe alitaka kunisindikiza stendi siku hiyo, lakini siku hizi analala tu. Anasema ni uchovu.

Nimeipokea tiketi kwa mikono miwili, na uongo wangu nimeubeba mfukoni.

Mapafu


Ijumaa, 12 Aprili

Mdogo wangu,

Umeondoka jana na leo nakuandikia, maana nakujua. Ndani ya basi utakuwa umeanza kujiambia hukusikia vizuri. Basi haya hapa, kama nilivyoyaandika kwenye shajara usiku ule ule tuliporudi.

Alikukalisha, akakutazama mdomo kwanza. Aligonga jino moja moja na kijiti cha chuma, akagusisha kitu cha baridi, akauliza unaona nini. Alibonyeza ufizi. Ndipo akaiomba picha. Akaangalia picha, akaangalia mdomo, akarudi kwenye picha.

"Huyu ni nani?"

Ukasema, "Ni mimi."

"Si wewe. Huyu meno yake yamelika ncha kwa miaka mingi. Ni mtu mzima. Na hili la mbele, la pembeni, lilitoboka likazibwa; kizibo chake unakiona kinavyong'aa? Wewe mdomoni mwako hakuna kizibo hata kimoja."

Akakupiga picha yake mwenyewe, tukangoja. Mfupa wako umejaa. Jino lililogongwa litashika lenyewe kama hutapuliza mpaka likome kucheza. Hayo mengine matatu hayajui hata kwamba kuna mjadala. Nilikuona ukijishika kinywa kama mtu aliyerudishiwa mkoba wake.

Halafu akasema lile jingine. "Mwenye picha hii mtafuteni. Yeye ndiye asiyeweza kungoja." Ukabadilika rangi, ukasema baba mkwe wako ana kizibo cha mbele anachojivunia, na kwamba Jumapili ile mlikuwa wawili.

Njiani uliniambia hutasema. Ulisema, "Aliyeziosha ni mke wangu."

Nimekaa na neno hilo siku nzima mezani kwangu, na magora mawili yamenipita bila kuyaona. Nilimkosea shemeji yako. Alisoma sawasawa picha aliyopewa. Nilitafuta mwizi, kumbe palikuwa na kamba moja ya kuanikia na watu wawili wasioandikwa majina kwa sababu ya mapenzi.

Unaweza kurudi, ukasema umeghairi, ukabaki na meno yako, na wote wakakuona mwoga mpaka uzeeke. Hilo utaliweza. Lakini mzee anasukutua maji ya chumvi kwa sababu ya mfupa wako mzima. Atasukutua mpaka lini?

Dada yako


Jumapili, 14 Aprili

Wifi,

Pole na mgongo. Natumaini dawa ya kuchua imesaidia.

Mume wangu amerudi, lakini ni kama amemwacha mtu mwingine huko. Chakula hali vizuri. Akidhani simwoni ananitazama mikono. Nimemuuliza mikono yangu ina nini, akasema haina kitu.

Baba mdomo wa juu umevimba, na ana homa. Kaka anasema labda mdudu amemuuma usiku, maana picha yake haina tatizo lolote. Ameiangalia tena, ni safi kabisa. Anampa dawa za homa. Baba hafungui tena mdomo kwa wageni.

Wifi, kuna kitu hamniambii? Nimekuwa nikiogopa ugonjwa wa mume wangu, sasa naogopa ukimya wake.

Wifi yako


Jumatatu, 15 Aprili

Wifi yangu,

Dereva wa lori la kiwanda anapita kwenu, atakuletea hii mkononi.

Mgongo wangu haujawahi kuuma. Muulize mumeo alichokiona huku. Muulize mkiwa wawili, mbali na ule ukuta. Na akikujibu, kumbuka kwamba amekaa kimya kwa ajili yako, si kwa kukuficha.

Usingoje Jumapili.

Wifi yako anayekupenda


Jumatatu, 22 Aprili

Dada,

Shikamoo. Meno yangu yote ninayo. Nakueleza kwa mpangilio, nisije nikaruka jambo.

Jumatano alinifuata kwenye stoo ya bendi. Hajawahi kufika pale. Mzee wa pasi akamtolea kiti, akatoka nje mwenyewe bila kuambiwa. Mke wangu akasema, "Wifi ameniambia nikuulize." Nikamweleza, katikati ya sare zilizotundikwa. Hakulia. Aliuliza kizibo kiko jino gani, nikamwonyesha.

"Kwa hiyo ni mimi."

Nikamwambia si yeye, ni Jumapili. Ni kamba moja, watu wawili, hakuna jina.

"Usinifariji, niache nifikiri." Akafikiri. Kisha akasema, "Usimwambie kaka wewe. Ukisema wewe utakuwa umeshinda, na hatakusamehe ushindi wako. Nikisema mimi nitakuwa nimekosa tu. Kukosa kwangu amekuzoea."

Tukarudi pamoja, tukapitia mlango wa wagonjwa. Palikuwa na mama mmoja kitini, ameshapigwa ganzi. Tukangoja amalize. Alipotoka, mke wangu akasema, "Kaka, mpige mume wangu picha nyingine. Safari hii nitaandika."

"Utaandika nini?"

"Jina lake."

Shemeji alitutazama mmoja mmoja. Akapiga, mke wangu akaosha, tukasimama wote watatu katika kile chumba cha giza, hakuna anayetaka kupumua kwa sauti. Picha ilipowekwa kwenye taa, shemeji aliinama karibu mno, halafu akaniambia, "Fungua mdomo." Akanitazama mdomo kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa yeye. Akavua glavu, akavaa nyingine, akazivua tena.

"Baba," akasema. Hilo tu.

Mzee alikuwa kitandani, jicho moja limezibwa na uvimbe. Shemeji akapiga magoti. "Baba, nilikosea. Picha yako ilikuwa ya shemeji. Wewe ndiye mwenye mfupa uliolika. Twende sasa hivi."

"Uliniambia ni ya kijana."

"Yalikuwa ya kijana, baba. Ya huyu hapa."

Mzee akanigeukia, na nadhani hakuna siku ameniangalia vibaya hivyo, kana kwamba nimemvua nguo hadharani. Akasema, kwa tabu, "Mimi sing'olewi na mtu mmoja. Huyu alitazamwa na madaktari wawili, watatu. Mimi nina upungufu gani? Nataka na mimi wa pili anitazame."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Tukampakia kwenye gari, tukaenda hospitali kubwa, na shemeji akamwambia daktari wa zamu, "Mtazameni. Mimi sisemi kitu." Alisimama kando, mikono nyuma, kama mgeni. Wakasema lilelile, na kwamba angechelewa siku chache zaidi pengine wangekuwa wanaongea na sisi, si na yeye. Jipu likapasuliwa usiku ule. Meno manne yametoka.

Tukiwa kwenye benchi la hospitali, mke wangu amelala begani kwangu, shemeji akaniuliza polepole, "Mgongo wa dada yako ulitibiwa na nani?"

Nikamweka mke wangu kichwa vizuri begani.

"Nilijua," akasema. "Tangu tiketi. Nilikulipia makusudi. Nilitaka urudi useme na huyo wa tatu amekubaliana na mimi." Akaangalia viatu vyake. "Nilikuwa na uhakika hivyo."

Mapafu


Jumapili, 9 Juni

Dada mpendwa,

Umeuliza kwa nini hatujahama, sasa ambapo kila kitu kimekwisha. Ni kwa sababu sasa ndiyo hatuwezi. Zamani tungehama, watu wangesema tumepata nyumba kubwa zaidi. Leo tukihama, itakuwa tumemhama yeye. Mke wangu alitaka kuacha kazi, kaka yake akamwambia, "Ukiacha, nitajua umejihukumu, na mimi itabidi nijihukumu." Akabaki. Hakuna anayemlaumu mwenzake, na adabu imekuwa nyingi mpaka mtu akiangusha kijiko wote tunaombana radhi. Ukuta ni uleule. Kuna siku natamani mtu angevunja sahani tu.

Jumapili ya watu wa nyumbani ipo bado, ila sasa kuna kadi. Yangu aliiandika mwenyewe. Akachukua kalamu, akauliza, "Jina lako kamili?" Nimekaa kwenye ua wake tangu nioe, na alikuwa hajui jina langu la kati. Nikalitaja. Akalirudia taratibu, akaliandika, akanionyesha kama ni sawa. Nilipopita mapokezi nikitoka nilikiona kile kiti bado kiko wazi. Hakuna aliyekitaja.

Jino limeshika. Yule mama daktari wa huko kwako alisema ningoje mpaka lisicheze hata kidogo, na nimengoja, kisha nikaongeza wiki nzima kwa hofu yangu mwenyewe. Bendini wamenirudishia nafasi yangu. Mzee wa pasi alinipa sare, akanifunga kifungo cha shingo kwa mkono wake.

Baba mkwe amekataa meno ya bandia mpaka madaktari wawili wakubaliane kipimo. Anakunywa uji na kukaa mlangoni, na mgeni akija anageuza uso. Tulikuwa hatuongei. Tunasalimiana tu, yeye na mkwe mwenye meno yake.

Leo asubuhi nilikuwa uani nasafisha tarumbeta kwa kitambaa. Kliniki ilikuwa wazi kwa mgonjwa mmoja wa dharura. Mzee akanitazama muda mrefu, halafu, bila kugeuza uso, kwa ule mdomo wake mtupu, akasema, "Unaifuta tu mpaka lini? Puliza. Angalau mmoja wetu ayatumie meno yake."

Nikamwonyesha ukuta kwa kichwa.

"Puliza," akasema.

Nikapuliza sauti moja ya chini, ndefu. Mashine ya shemeji ikanyamaza ghafla upande wa pili. Nikashusha tarumbeta, nikangoja mlango ufunguke. Mke wangu alikuwa amesimama dirishani na sahani mkononi. Haukufunguka. Baada ya kitambo mashine ikaanza tena, na mimi nikaanza tena.

Mdogo wako,
Mapafu